Mama ana kansa ya utumbo mpana, mjomba anataka aache kemo atumie mafuta ya bangi. Naombeni mawazo yenu

Kijana wa Mbagala

Wakuu habari za jioni. Naleta hili hapa kwa sababu nyumbani tumegawanyika, kila mtu anapandisha sauti, na mimi nataka nisikie watu ambao hawana undugu na sisi.

Bi mkubwa ana miaka 58. Alihangaika muda mrefu na tumbo na choo chenye damu, mwisho akapigwa kipimo cha kamera wakaona uvimbe kwenye utumbo mpana upande wa kushoto, akafanyiwa operesheni wakautoa. Majibu ya nyama yalivyorudi wakasema ni kansa, imeshagusa matezi ya jirani ila haijafika kwenye ini wala mapafu, yaani hatua ya tatu. Daktari akatuweka chini akasema operesheni imeenda vizuri lakini lazima ifuate kemo kumalizia mabaki ambayo macho hayawezi kuyaona. Tukakubali, tukaanza.

Shida ni kwamba hiyo dawa inamtesa jamani. Anawekewa dripu ya oksaliplatini halafu anarudi nyumbani na vidonge vya kapesitabini. Siku zinazofuata baada ya dripu akigusa kitu chochote cha baridi anaruka mwili mzima. Juzi kaingiza mkono kwenye friji kutoa chupa ya maji, vidole vikakakamaa, chupa ikamponyoka ikapasuka pale jikoni, na alivyojaribu kunywa maji yaliyopoa kidogo tu koo likambana akadhani anakata roho. Na joto hili la Dar mnalijua wenyewe, mtu anatamani maji baridi kutwa nzima halafu hawezi. Chakula ndio usiseme, anakunywa uji wa ulezi vijiko kadhaa basi kashiba, na hicho kidogo chenyewe muda mwingine kinarudi.

Sasa mjomba kashuka kutoka Arusha kuja kumwona. Ni kaka yake mkubwa na mama, neno lake ni zito pale nyumbani. Kaja na kichupa cha kahawia chenye mpira wa kudondoshea, ndani mafuta meusi mazito yananata, juu kabandika plasta kaandika kwa peni "asubuhi na jioni, chini ya ulimi". Anasema ni mafuta ya bangi, yanaua kansa, kayanunua laki mbili na nusu kwa mtu anayemwamini, na kuna video kwenye simu yake za wazungu waliopona. Sharti lake ni kwamba mama aache dripu, eti zile sumu zinapigana na hii dawa. Mama mwenyewe kachoka, naona anaanza kuelekea upande wa kaka yake.

Naomba kuuliza. Ni kweli bangi inatibu kansa ya utumbo? Kama kuna ukweli kidogo, anaweza kutumia vyote viwili kwa pamoja? Na sheria zetu zinasemaje, maana nisije nikakuta polisi mlangoni na mgonjwa ndani.

—

Mzee wa Kigogo

Kijana pole sana, na Mungu akubariki kwa kumuuguza mama. Mimi nitasema ninachokiamini. Ule mmea Mungu hakuuotesha bure, babu zetu walikuwa wanautumia kwa tumbo na maumivu kabla hata hospitali hazijajengwa. Jirani yangu alikuwa na uvimbe, akatumia mafuta ya hivyo hivyo, akaamka kitandani, anakula, analala vizuri. Na huko nje tafiti zipo zinaonyesha seli za kansa zinakufa zikikutana na bangi, hilo halina ubishi, ukitafuta utalikuta. Kwa nini hospitali hawasemi? Kwa sababu mmea hauna mwenyewe, kampuni za dawa haziwezi kupata hela kwenye kitu kinachoota porini. Kemo nimeona inavyomaliza watu, nywele zinaisha mwili unaisha. Kama mama mwenyewe anataka kupumzika mpumzisheni, msimlazimishe.

—

Mfamasia Kimara

Kijana wa Mbagala pole, mpe na mama pole zetu. Mimi ni mfamasia, dawa za kansa zinapita mikononi mwangu kila wiki, ngoja nikujibu kwa urefu maana hili swali lina ukweli ndani yake na lina hatari ndani yake, na watu wengi wanachukua kimoja wanaacha kingine.

Mjomba hajaokota jambo hewani. Bangi ina kemikali zaidi ya 100 za jamii inayoitwa kanabinoidi, zinazojulikana sana ni THC inayolevya na CBD isiyolevya. Mwili wetu wenyewe unatengeneza kemikali zinazofanana nazo na una vipokezi vyake, yaani sehemu kwenye seli zinazozipokea, CB1 na CB2, ambavyo wanasayansi walivitambua muundo wake 1990 na 1993, na kwenye utumbo vipo vingi, ndio maana watafiti wa kansa ya utumbo wakavutiwa na hii habari. Chuo Kikuu cha Bristol kule Uingereza mwaka 2007 walionyesha kwamba THC inaweza kuzifanya seli za kansa ya utumbo mpana zijiue zenyewe maabara. Mwaka uliofuata Marekani walichukua panya waliozaliwa na tabia ya kuota vinyama kwenye utumbo, wakawaondolea kipokezi cha CB1, vinyama vikaongezeka, maana yake kile kipokezi kilikuwa kinafanya kazi ya kuzuia. Naples, Italia, 2014 wakawapa panya dondoo la bangi lenye CBD nyingi, vinyama vikapungua na uvimbe ukakua polepole zaidi. Kwa hiyo anayesema hakuna utafiti wowote, naye hajatafuta.

Lakini angalia na upande mwingine ambao kwenye video za mjomba haupo. Chuo cha Penn State kule Marekani 2018 walijaribu kanabinoidi 370 zilizotengenezwa maabara dhidi ya aina 7 za seli za kansa ya utumbo mpana ya binadamu. Zilizofanya kazi vizuri zilikuwa 10 tu, na zile mbili maarufu, THC na CBD, hazikufanya chochote cha maana. Wahispania nao 2015 walikuta wagonjwa ambao uvimbe wao una kipokezi cha CB2 kwa wingi ndio walikuwa na hali mbaya zaidi, na kwamba dawa inayokiamsha kile kipokezi ikitolewa kwa dozi ndogo inaweza kuzisaidia seli za kansa kukua. Sasa mtu anayedondosha kwa mpira chini ya ulimi anajuaje yupo dozi ya kuua au dozi ya kulisha?

Na hiyo dozi ndio penyewe. Kule maabara seli zinawekwa kwenye kisahani na dawa inamiminwa juu yake moja kwa moja kwa kiwango anachotaka mtafiti. Mama akimeza CBD, ini linaivunja nyingi kabla haijafika popote, inayofanikiwa kuingia kwenye damu ni kama asilimia 6 hivi. Kiwango kilichoua seli kwenye kisahani mara nyingi ni kikubwa kuliko kinachoweza kupatikana kwenye damu ya mtu aliyekunywa matone. Hapo bado hatujajua ndani ya kichupa kuna nini. 2017 huko Marekani walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni wakazipima, chini ya theluthi ndio zilikuwa na kiwango kilichoandikwa kwenye lebo, na nyingine zilikuwa na THC ambayo haikutajwa. Hizo zina kiwanda na lebo. Ya mjomba ina plasta na peni. Mafuta meusi mazito ya namna hiyo mara nyingi mtu anayakamua kwa spiriti au hata petroli halafu anachemsha iruke, ikibaki inabaki humo humo, na mgonjwa wa kemo ambaye kinga imeshuka hata ukungu wa kwenye majani unaweza kumletea maambukizi kwenye mapafu.

Kwa binadamu sasa. Kwa kansa ya utumbo hakuna majaribio makubwa kwa wagonjwa yaliyoonyesha kanabinoidi inaponya, hakuna. Yaliyosonga mbele kidogo ni ya kansa ya ubongo. Hispania 2006 wagonjwa 9 waliwekewa THC moja kwa moja ndani ya uvimbe, lengo lilikuwa kuona kama ni salama, na hawakupona. Uingereza 2023 walianzisha majaribio yanaitwa ARISTOCRAT, wagonjwa zaidi ya 230 wa kansa ya ubongo iliyorudi, wanapuliziwa mdomoni dawa ya bangi iliyopimwa au dawa bandia, yaani isiyo na kitu ndani, ya kulinganishia. Na tafadhali mwonyeshe mjomba hili, wale wagonjwa wanatumia PAMOJA na kemo. Hakuna mtafiti mwenye akili timamu aliyemwachisha mgonjwa kemo ili ampe bangi peke yake. Chama cha madaktari wa kansa cha Marekani, ASCO, kilitoa mwongozo 2024 kinasema wazi kanabinoidi isitumike kama dawa ya kuiua kansa nje ya majaribio rasmi.

Halafu weka pembeni yake hiyo dripu inayomtesa mama. Oksaliplatini ilithibitishwa na utafiti unaitwa MOSAIC, matokeo yakatoka 2004, wagonjwa 2,246 waliokwishafanyiwa operesheni kama mama. Baada ya miaka 3, waliopewa dawa za kawaida pamoja na oksaliplatini, 78 kati ya 100 walikuwa hai bila kansa kurudi, waliopewa bila oksaliplatini walikuwa 73. Unaweza kuona ni tofauti ndogo, ila hao 5 ni mama za watu.

Hatua ya tatu bado mlango wa kupona upo wazi, ndugu yangu. Hatupiganii kumpunguzia maumivu tu, tunapigania apone kabisa. Watafiti wa Yale walitoa kazi yao 2018, walifuatilia watu wenye kansa inayotibika waliochagua tiba mbadala peke yake wakakataa ya hospitali. Kwa kansa ya utumbo mpana hatari ya kufa ilikuwa zaidi ya mara 4 ukilinganisha na waliotibiwa hospitali. Hicho ndio kinanifanya niandike yote haya usiku huu.

Swali la kutumia vyote viwili, jibu langu ni hapana, na kama ameshaanza kuonja basi daktari ajue leo sio kesho. CBD inabana vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingi, na kwa dozi kubwa inaweza kupandisha vipimo vya ini, kipimo hicho hicho ambacho daktari anakiangalia kabla ya kila dripu. Mama anatumia dawa za presha? Amlodipini inapita kwenye hivyo vimeng'enya. Kama kuna mtu anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ndio kabisa, damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi. THC nayo inapandisha mapigo ya moyo na inashusha presha mtu akisimama ghafla, mama wa miaka 58 asiyekula vizuri akianguka bafuni tumepata tatizo jipya.

—

Dada wa Tandika

Mimi naomba niseme kuhusu kuchoka, maana wanaume mnaongea dawa tu.

Nimemuuguza baba yangu na ugonjwa huo huo. Mwanzo kwenye zahanati moja ya mtaani walimtibu bawasiri, kila akirudi anaongezewa dawa ya kupaka, hakuna aliyefikiria kamera, mpaka tulivyopata rufaa muda ulikuwa umeshaenda. Akaanza kemo, akafika pale pale alipo mama yako, hali chakula, mikono inawaka, akawa hasemi kwa daktari. Akienda kliniki anaulizwa unaendeleaje anajibu namshukuru Mungu. Kizazi chao ndivyo kilivyo, anaona akilalamika atamuudhi daktari au ataambiwa hajikazi. Akirudi nyumbani analia kwa sisi. Ndugu wakaleta mitishamba, kila mmoja na yake, na baba akaacha kliniki kimya kimya, tukajua baada ya wiki. Alivyorudi ilikuwa imeshafika kwenye ini.

Kwa hiyo nakuomba usigombane na mama kuhusu bangi. Muulize kinachomsumbua ni nini hasa, kaa naye jioni mjomba akiwa ametoka, uandike kila kitu kwenye daftari, kilianza lini, kinaisha lini, anatapika mara ngapi. Halafu wewe ndio uongee kliniki, yeye atikise kichwa tu. Baba yangu alikuwa anatapika akapewa dawa moja ya kichefuchefu, ikishindwa basi, hatukujua kama zinaweza kuchanganywa za aina mbalimbali. Kuna mama tulikuwa tunakaa naye kwenye benchi, mwanawe alikuwa hivyo na daftari lake, alikuwa anabadilishiwa dawa kila mara na yule mama alikuwa anakula ugali na samaki pale pale nje huku baba yangu anashindwa kumeza mate.

Mjomba usimdharau. Amekuja kutoka Arusha na hela yake mfukoni kwa sababu anampenda dada yake. Mchukue muende naye kliniki akamsikie daktari kwa masikio yake, mzee akipewa heshima ya kuulizwa maswali mbele ya daktari anarudi nyumbani yuko upande wenu.

—

Mfamasia Kimara

Dada wa Tandika pole sana kwa baba, na asante, umesema jambo ambalo sisi wa dirishani hatulioni.

Niongezee kwenye hayo mateso. Ule mshtuko wa baridi ni tabia ya oksaliplatini yenyewe, kwa kawaida unapungua ndani ya siku chache baada ya kila dripu. Avae glovu za kitambaa akifungua friji au mtu mwingine amfungulie, maji anywe ya kawaida au vuguvugu, feni na AC zisimpige usoni, akitembea sakafuni avae ndala zenye soksi. Kinachotakiwa kumwahisha kwa daktari ni ganzi isiyoisha, kama siku ya dripu inayofuata inafika na vidole bado vina ganzi, anashindwa kufunga kifungo cha nguo au kushika sindano ya kushonea, hapo dozi inapunguzwa au oksaliplatini inasimamishwa na nyingine zinaendelea. Ni uamuzi wa kawaida kabisa, madaktari wanaufanya kila siku, ila hawawezi kuufanya kama mgonjwa anasema namshukuru Mungu. Kwenye vidonge vya kapesitabini angalieni viganja na nyayo, zikiwa nyekundu, zinauma, ngozi inachubuka, au akiharisha sana, mpigieni simu daktari kabla hajameza kingine.

Ulizeni pia urefu wa tiba. Kuna utafiti mkubwa ulikusanya wagonjwa 12,834 wa hatua ya tatu, matokeo yakatoka 2018, wakakuta kwa baadhi yao, hasa wanaotumia oksaliplatini na kapesitabini kama mama na kansa yao haikusambaa kwenye matezi mengi, miezi 3 inakaribia sana kuwa sawa na miezi 6 na ganzi inakuwa ndogo zaidi. Sijaona faili lake siwezi kusema yeye ni kundi gani, ila swali ni halali na daktari atalielewa.

Kichefuchefu kina dawa nzuri, ondansetroni, deksamethasoni, olanzapini na nyinginezo, zinachanganywa. Na kwa haki niseme, hapa ndipo bangi ilipopata nafasi yake ya kweli kwenye kansa. Marekani waliidhinisha 1985 dawa mbili, dronabinoli na nabiloni, moja ni THC iliyotengenezwa kiwandani na nyingine inafanana nayo, kwa ajili ya kutapika kwa wagonjwa wa kemo ambao dawa za kawaida zimeshindwa. Jirani wa Mzee wa Kigogo kula na kulala vizuri inaweza kuwa ni kweli tupu. Lakini kula na kulala sio uvimbe kupungua, uvimbe unapimwa kwa picha.

—

Mzee wa Kigogo

Mfamasia nimekusoma mpaka mwisho na nakushukuru kwa kuongea bila kutukana. Jirani kwa kweli hakurudia vipimo. Ila hilo la mimea bado linanikaa kooni. Dawa nyingi si zinatoka kwenye mimea? Kwa nini huu mmoja ndio uchunguzwe miaka na miaka watu wanakufa? Na hela je?

—

Mfamasia Kimara

Mzee wangu swali lako ni zuri sana. Ndiyo, zinatoka kwenye mimea. Lile ua la waridi na jeupe linaloota kwenye vibaraza hapa Dar, linaitwa vinka, ndilo lililotoa vinkristini inayotibu watoto wenye kansa ya damu. Kwenye kansa hii hii ya utumbo mpana tuna dawa inaitwa irinotekani, asili yake ni mti wa Kichina. Kemikali yake ya kwanza ilitangazwa 1966, wakaijaribu kwa wagonjwa ikaonekana ni kali mno kwenye kibofu na uboho, wakaiweka kando, wakaja kuibadilisha umbo, mpaka Marekani wanaipitisha ni 1996. Miaka 30. Katika hiyo miaka waligundua kipimo, waligundua inaharisha vibaya wakajua namna ya kuzuia, wakajua nani asipewe. Mtu aliyechemsha magome ya ule mti 1970 akamnywesha mgonjwa angekuwa anatumia mmea sahihi na angemuua.

Hela ipo mzee, tena nyingi. Kampuni ya Uingereza ya GW ilikuwa inalima bangi kwenye mabanda ya vioo, ikatengeneza dawa ya CBD ya kifafa kikali cha watoto, Epidiolex, Marekani wakaipitisha 2018 baada ya kupimwa kwa wagonjwa dhidi ya dawa bandia, na 2021 kampuni ikanunuliwa kwa zaidi ya dola bilioni 7. Wenye hela hawaukimbii huu mmea. Siku ikipatikana kanabinoidi inayoponya kansa ya utumbo watagombania kuiuza, na mimi nitakuwa wa kwanza kufurahi kuiweka dirishani.

—

Wakili Msomi Ilala

Upande wa sheria kwa kifupi. Tanzania bangi ni marufuku, kulima, kuuza, kukutwa nayo, kutumia, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 haina mlango wa "namuuguzia mgonjwa nyumbani", na mafuta yake ni bangi vile vile. Watu wanachanganya kwa sababu Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa iliiondoa bangi kwenye jedwali la nne la mkataba wa dawa za kulevya wa 1961, lile la dawa hatari zaidi zisizo na faida ya tiba, lakini ilibaki jedwali la kwanza na kila nchi inaendelea na sheria zake. Lesotho, Zimbabwe na Malawi wanatoa leseni za kulima kwa ajili ya dawa, huko ni kwao. Mjomba alivyopita na hicho kichupa kwenye basi kutoka Arusha alijiweka kwenye hatari kubwa kuliko anavyodhani. Msikiuze, msimpe mtu, msikihifadhi. Kama hamjui mkifanyeje, ongeeni na wakili ana kwa ana.

—

Kijana wa Mbagala

Wakuu nimerudi na nawashukuru wote, nimesoma kila neno, mengine nimemsomea mama kwa sauti.

Nimefanya kama Dada wa Tandika alivyosema. Nilikaa na bi mkubwa jioni na daftari, kumbe ganzi ya vidole vya mguu haijawahi kuisha tangu dripu iliyopita na hakumwambia mtu, na usiku anashindwa kujua kama kavaa ndala au hajavaa. Tukaenda kliniki na mjomba. Daktari alimsikiliza mzee mpaka mwisho, hakumkaripia, akamwonyesha kwenye karatasi uvimbe ulikuwa wapi na matezi gani, akamwambia tukiacha sasa hivi hatutajua kama imerudi mpaka iwe imeshachelewa. Kapunguza oksaliplatini, kaongeza dawa mbili za kichefuchefu, na lile swali la miezi kasema ataamua baada ya kuangalia upya majibu ya nyama. Mjomba alikuwa kimya njia nzima kwenye bajaji, tulivyofika akakitoa mwenyewe kichupa kwenye kabati la mama.

Nina swali moja la mwisho kwa Mfamasia. Daktari kagusia na sisi watoto tupimwe, tupo watatu, kaka yangu mkubwa ana 41, mimi 33, mdogo wetu 27. Hakuna anayeumwa. Ni lazima kweli?

—

Mfamasia Kimara

Nimefurahi sana kusoma hivi. Ndiyo, mpimwe. Kansa hii mara nyingi inaanza kama kinyama kidogo kinachokaa miaka kabla hakijageuka, na kamera ikikiona inakikata hapo hapo. Mwenye mzazi aliyeugua kabla ya miaka 60 anashauriwa kuanza kamera akifika 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao mzazi aligundulika, inayotangulia kati ya hizo mbili, halafu anarudia kila baada ya miaka 5. Mama kagundulika na 58, kwa hiyo kwenu ni 40. Kaka yako yupo tayari, aende mwezi huu akiwa mzima hivyo hivyo. Wewe na mdogo wako bado, ila mkiona damu kwenye choo, choo kimebadilika kwa wiki kadhaa au mnapungua uzito bila sababu, msikubali kuambiwa ni bawasiri kabla ya kupimwa. Na muulizeni daktari kama uvimbe wa mama ulipimwa ile aina ya kurithi inayoitwa Lynch, kwa sababu ikionekana ni Lynch, hiyo miaka niliyokupa haitumiki, mnaanza mapema zaidi, wewe na mdogo wako mnatakiwa kupimwa sasa hivi.